Jirani anabadili kiwanja kutoka makazi kuwa biashara: wakazi tuna meno, au tunapoteza wino?

#1 Mkazi wa Bondeni
Wakuu salama.

Mtaa wetu uko Mikocheni, Dar. Ni nyumba za familia tupu, wengi wamekaa hapa tangu miaka ya 80. Mzee mmoja alifariki, watoto wakauza, na aliyenunua amesimamisha bango getini kwamba anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kwenda biashara. Biashara gani, bango halisemi. Fundi aliyekuja kuchimba udongo wa kupima anasema ni ghorofa: chini ukumbi wa sherehe, juu vyumba vya kulala wageni. Mwenye pingamizi apeleke barua halmashauri kabla ya siku zilizoandikwa pale kwisha.

Tumekutana kwa mwenyekiti wa mtaa, tumeorodhesha majina na sahihi. Sasa kuna jirani, mtu mzima wa kuheshimika, anatucheka. Anasema mwenye pesa kashapita ofisi zote kabla bango halijakauka rangi, na karatasi yetu itaishia kwenye droo. Mimi nasema kama pingamizi halina maana, hilo bango linawekwa la nini?

Nani yuko sahihi? Na kuna mtu humu ambaye mtaa wao uliwahi kushinda?

#2 Chapati Mbili
Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuvi.

#3 Timazi
Jirani yako yuko sahihi, pole. Mimi nimekulia Sinza. Nenda leo kaangalie: loji, baa, gereji, saluni, kanisa, nyumba ya kupanga, halafu baa tena. Unadhani hatukuandika barua? Mzee wangu aliandika mpaka akajua jina la kila karani. Sinza ilipimwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini wajenge wakae. Leo ukitaka kulala usingizi Sinza unahamia Goba.

#4 Bi Tausi
Sinza msilinganishe na Mikocheni. Mikocheni ni kama Oysterbay, ni eneo la wakubwa tangu mkoloni, kiwanja kinatosha kucheza mpira. Huko huwezi kuleta ukumbi wa sherehe hivi hivi tu.

#5 Mzee wa Bikoni
Bi Tausi, Oysterbay ndiyo, ilitengwa kwa ajili ya wazungu na wakoloni. Mikocheni hapana. Sehemu kubwa ilipimwa miaka ya 70 katika ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mradi uleule uliozaa Sinza na Kijitonyama. Baadaye zikafuata Tabata na Mbagala. Kwa hiyo Mikocheni na Sinza ni ndugu, tofauti ni nani alifanikiwa kupata kiwanja.

Sasa nimjibu mleta mada. Nilifanya kazi idara ya mipango miji mpaka nikastaafu, halmashauri siitaji. Utaratibu uko chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mwombaji anaandaliwa andiko na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, anaambatisha nakala ya hati na risiti za kodi ya pango la ardhi. Wataalamu wanakwenda kuangalia kiwanja. Kisha linaingia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, wanakokaa madiwani, halafu wizarani. Likipita, hati ya zamani inarudishwa, inatolewa yenye masharti mapya, na kodi ya pango inapanda maana biashara hailipi sawa na makazi.

Barua zenu tulikuwa tunazisoma, na hapa ndipo wakazi wanapojiangusha. Tisa kati ya kumi zinasema "hatutaki" na "itaharibu maadili ya watoto wetu". Hizo hazina pa kushikia. Andika upana wa barabara ukuta hadi ukuta. Andika gari la kunyonya maji taka litageukia wapi. Andika mvua ya masika maji yanapita wapi sasa na yatapita wapi wakimwaga zege kiwanja chote. Mikocheni kuna maeneo ya bonde la mto Mlalakuwa, mtu anayekaa kule hahitaji kufundishwa maji yanaingiaje sebuleni. Uliza magari ya wageni wa sherehe yataegeshwa ndani ya kiwanja au mbele ya mageti yenu. Mtaalamu akisoma hayo lazima ayajibu kwenye taarifa yake, kwa sababu diwani atamuuliza.

#6 Kijiti
Mzee umetoa darasa, shukrani. Ila naomba nimuulize mleta mada swali moja la kizushi: huo mtaa wenu una fremu ngapi za biashara kwenye fensi?

#7 Mkazi wa Bondeni
@Mzee wa Bikoni asante sana, hili la maji nimelichukua leo leo.

@Kijiti fremu zipo mbili tatu, za duka la mahitaji madogo madogo. Hazisumbui mtu.

#8 Kijiti
Aaah! Mbili tatu! Na hiyo ya maji ya jumla na gesi ni ya nani? 😂

Wakuu, hii ndiyo shida yetu. Mtu anavunja ukuta wake wa mbele, anaweka fremu nne, anapangisha mtu wa chipsi, wa M-Pesa, wa kinyozi na wa vipuri vya bodaboda. Hati yake inasema makazi. Hakuweka bango hata la boksi. Halafu jirani akifuata utaratibu, akalipia andiko, akabandika tangazo, mtaa mzima unaamka kulinda "hadhi ya makazi". Yaani anayeomba ruhusa ndiye anayepingwa, asiyeomba anaitwa mjasiriamali.

#9 Bi Tausi
Kijiti una maneno. Ila fremu ya mama lishe na ukumbi wa watu mia tano si kitu kimoja jamani.

#10 Mzee wa Bikoni
#8 imenigusa mfupa. Ndivyo ilivyo. Wengi hawaombi kabisa. Wanaoomba ni wale wanaotaka mkopo, kwa sababu benki ikiona hoteli imesimama juu ya hati ya makazi inasita, au wanaohitaji leseni kubwa ambayo haitoki bila karatasi ya ardhi. Kisheria, kutumia ardhi kinyume na masharti ya hati ni kosa linaloweza kukufikisha hatua ya kufutiwa miliki. Lakini nani atazifuta hati za Sinza nzima?

#11 Timazi
Mzee, unajibu swali langu bila kujua. Kama haiwezekani kuwafuta, basi sheria haipo, kuna bei tu. Kiwanja cha makazi kikikaa barabarani bei yake ni ya biashara tayari, hati inakuja baadaye kuandika kilichotokea. Mlimani City ilipofunguliwa 2006, nyumba za jirani ziliendelea kuwa nyumba? Barabara ya Shekilango je? Soko ndilo linapanga mji, afisa mipango anafuata nyuma na kalamu.

#12 Mbongo wa Houston
Timazi, huku niliko wamefanya hilo unalosema kuwa sera kabisa. Houston ni jiji kubwa la Marekani lisilo na sheria ya kugawa kanda za matumizi. Wananchi walipiga kura kuikataa 1948, wakaikataa tena 1962, na tena 1993. Nilipofika nilidhani nitakuta vurugu ya Manzese na Kariakoo vimeunganishwa.

Kumbe wenye nyumba wamejifungia kwa mlango mwingine. Mitaa mingi ina masharti yaliyoandikwa kwenye hati tangu mwanzo: nyumba ya familia moja tu, hakuna duka, hakuna baa. Ukikiuka, jirani anakushtaki, na jiji lenyewe linaweza kukushtaki. Wanaoumia ni mitaa ya maskini, ambayo haikuandikiwa masharti hayo au muda wake ulikwisha na hakuna aliyehangaika kuyahuisha. Huko ndiko gereji na viwanda vinaegemea ukuta wa nyumba za watu. Soko lipo ndiyo, lakini halipigi hodi kila mlango.

#13 Chapati Mbili
Mbongo kila uzi lazima utupitishe Texas. Ila leo umelipa nauli.

#14 Wakili wa Shamba
Habari za jioni. Naona hamjafika upande wa mabaraza na mahakama, na watu wengi wanapotea hapo.

Kwanza, huko juu kuna aliyenitumia ujumbe akiuliza kama mjumbe wa nyumba kumi anaweza kuzuia ujenzi. Mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama. Ofisi ya serikali hapo chini ni mtaa: mwenyekiti na mtendaji. Sahihi ya mjumbe haina uzito wa kisheria kwenye jambo hili.

Pili, msikimbilie Baraza la Kata mkidhani litatoa hukumu. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha, haliamui tena kesi.

Tatu, na hili ndilo zito. Mkitaka kuishtaki halmashauri, tangu 2020 lazima muipe notisi ya siku 90 na mumuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Siku 90 kwa mwenye zege ni ghorofa mbili. Ndiyo maana mawakili hufungua maombi ya zuio la muda wakati notisi inaiva, yale tunayoyaita maombi ya Mareva. Hayatolewi kama njugu. Lazima uonyeshe madhara ambayo fidia haitayaponya, na hapa tunarudi kwa Mzee wa Bikoni: ushahidi wa maji, barabara, maji taka. Mkianza kuukusanya baada ya nguzo kusimama, mmechelewa.

#15 Mkazi wa Bondeni
Wakili asante. Kwa hiyo pingamizi la sasa ndilo rahisi kuliko yote?

#16 Wakili wa Shamba
Ndilo rahisi na ndilo linalojenga faili. Hakikisha nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni hadithi.

#17 Kilimani Juu
Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi naishi huku ambako mnaelekea, acha niwape picha. Kilimani na Kileleshwa zilikuwa nyumba za chini, bustani kubwa, mti wa jakaranda mbele. Sasa ni minara. Sheria yetu ya 2019 ya Mipango na Matumizi ya Ardhi inataka mwombaji atangaze gazetini na aweke bango kwenye ploti, na mkazi ana siku 14 kupinga. Kaunti ikikuangusha, una siku 14 nyingine kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, halafu Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Vyama vya wakazi huku vina nguvu na vimewahi kusimamisha mambo mahakamani. Watu wa Karen wamepigana miaka mingi kulinda ukubwa wa ploti zao. Lakini mtanisamehe nikisema ukweli: anayeshinda ni mwenye muda na wakili. Mama mboga wa Kawangware hana chama cha wakazi. Na bango lenyewe wakati mwingine linawekwa nyuma ya ua, unalisoma tu ukiwa mbuzi.

#18 Timazi
"Unalisoma tu ukiwa mbuzi" 😂😂 nimeanguka.

#19 Bint Darajani
Mie niko Unguja, nawasoma toka asubuhi. Nyie mnazungumza ghorofa mpya. Kwetu Mji Mkongwe nyumba ni ileile, ukuta uleule, mlango uleule wa nakshi, kilichobadilika ni aliyelala ndani. Mamlaka ya Mji Mkongwe wanakuzuia usibandue plasta bila kibali, na tumo kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Jengo limehifadhiwa. Jirani hakuhifadhiwa. Mtaa niliozaliwa, ukipita usiku unasikia masanduku ya magurudumu tu, watalii wanatafuta hoteli. Watoto wa kucheza barazani hakuna.

Na hakuna aliyetufukuza. Nyumba ni ya warithi kumi na moja, paa linavuja, chokaa na boriti ni ghali, anakuja mtu na fedha taslimu. Bibi yangu hakuwa na mtu wa kumpinga. Alikuwa na hesabu ya kugawa.

#20 Kijiti
Bint umesema kitu ambacho mleta mada hakitaki. Kwenye #1 kaandika "watoto wakauza" kana kwamba walitenda dhambi. Warithi wakiuza kama makazi wanapata kiasi fulani, wakiuza kwa mtu anayejua kitageuka biashara wanapata zaidi sana. Kila pingamizi la mtaa ni mkono kwenye mfuko wa yatima mmoja.

#21 Bi Tausi
Acha kututoa machozi. Aliyekula faida ya kugeuza ni mnunuzi, si yatima. Yatima aliuza kabla bango halijasimama.

#22 Kijiti
...haya, hapo umenipata kidogo. Kidogo tu.

#23 Ubia wa Kariakoo
Kuna njia ya tatu. Familia yetu ilikuwa na nyumba ya Kiswahili Kariakoo, vyumba sita na ua, shangazi zangu wamezaliwa humo. Hatukuuza. Tuliingia ubia: mwekezaji ajenge, sisi tubaki na baadhi ya sakafu kwa miaka tuliyoandikiana. Shangazi yangu mkubwa anakaa ghorofa ya juu, chini yake maduka ya vitenge mpaka barabarani. Analalamika makelele ya mikokoteni alfajiri, lakini kodi inamlipia dawa na wajukuu wanasoma.

Sikatai kwamba Kariakoo imezidiwa. Jengo lililoanguka Novemba 2024 limetutia wote hofu, na sisi tukaita mhandisi wetu wa pembeni kukagua nguzo. Lakini mkisema "makazi yabaki makazi" mnasahau kwamba nyumba ya Kiswahili haikuwahi kuwa makazi matupu. Bibi alikuwa anauza vitumbua barazani, chumba cha mbele kapangisha fundi cherehani. Hayo mambo ya huku kulala, kule kununua, yaliletwa na waliogawa mji.

#24 Mzee wa Bikoni
#23 yuko sawa kihistoria. Waingereza miaka ya 1920 waliigawa Dar kanda tatu kwa kigezo cha aina ya jengo, na kila mtu alijua maana yake ni rangi ya mkaaji. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja iliachwa wazi iwe mpaka. Tukarithi ramani, tukabadilisha majina: msongamano mdogo, wa kati, mkubwa.

Ila nataka kumpinga Timazi. Si soko peke yake. Mji huu ulikuwa na mpango kabambe wa 1949, wa 1968, na wa 1979. Ule wa 1979 ulipangwa kwa miaka ishirini. Ulipokwisha muda wake hakukuwa na mwingine tayari, na wa sasa ni wa 2016 hadi 2036. Katikati hapo mji ulikua mara kadhaa huku tunaamua kiwanja kimoja kimoja, faili moja moja. Kamati inaletewa kiwanja namba fulani, haina picha ya mtaa mzima, inaona tayari kuna loji mbili jirani, inasema "mwelekeo wa eneo umeshabadilika", inapitisha. Loji ya tatu inakuwa ushahidi wa ya nne. Kama mpango wa mtaa ungekuwepo, ukisema barabara hii biashara na hii ya nyuma makazi, nusu ya ugomvi huu usingekuwepo.

#25 Timazi
Mzee, heshima yako ipo, lakini Oysterbay na Masaki zilikuwa na ramani nzuri siku zote na bado mabaa yameingia. Ramani haimshindi mwenye hela.

#26 Jirani wa Spika
Nadhani nyote mnaruka kitu kinachouma kweli, ambacho ni kelele. Kwangu kulifunguliwa sehemu ya burudani ukuta kwa ukuta. Mtoto wangu alikuwa anafanya mtihani wa darasa la saba, mimi naziba dirisha kwa godoro. Matumizi ya ardhi hayakubadilishwa kabisa, hati makazi hadi leo.

Tulichofanya: tuliacha habari za hati, tukaenda njia ya mazingira. Kuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, wana kipimo, si suala la "nahisi ni kubwa". 2023 waliwahi kufungia baa na kumbi kadhaa kwa kosa hilo. Kwetu spika zimegeuziwa barabarani na saa nne wanapunguza. Si ushindi, lakini tunalala.

Halafu jambo ambalo afisa mmoja alinieleza: kiwango kinachoruhusiwa eneo la makazi ni cha chini kuliko eneo la biashara. Kwa hiyo mleta mada, mkiachia kiwanja hicho kiwe biashara, mtu wa kelele atakuja kubishana na nyie kwamba hilo ni eneo la mchanganyiko.

#27 Mkazi wa Bondeni
#26 hili sikuliwaza kabisa. Naliingiza kwenye barua.

Taarifa fupi: leo nimepita kwa yule jirani anayetucheka, nikamwonyesha post ya Mzee wa Bikoni. Kaisoma yote. Akasema hasaini, lakini atatupa picha za mafuriko alizopiga, maji yako usawa wa dirisha na kile kiwanja kinaonekana kama ziwa.

#28 Chapati Mbili
Huyo jirani mnunulieni soda.

#29 Mama wa Foleni
Mbona mnazungumzia baa tu? Kwetu ni shule ya awali. Nani atapinga shule ya watoto? Lakini saa moja asubuhi magari yamejaa mpaka mgonjwa hatoki. Tulipolalamika tukaambiwa "ni huduma ya jamii". Sijui hata kama hilo linahesabika biashara.

#30 Wakili wa Shamba
@Mama wa Foleni linahesabika mabadiliko ya matumizi. Shule, zahanati, nyumba ya ibada, zote zina fungu lake, hazimo kwenye makazi ya familia. Wanaosema ni huduma ya jamii hawajakosea, lakini ruhusa bado inahitajika.

#31 Dalali Mnyoofu
Wakuu kwa heshima zote, hiyo barabara ya mleta mada inaitwaje? Nina mteja makini anatafuta nyumba ya zamani maeneo hayo, hati safi.

#32 Kijiti
Mnaona sasa? Barua haijapokelewa, jirani wa kwanza kashatafutiwa mnunuzi.

#33 Mkazi wa Bondeni
Dalali sitaji barabara 😅

Wakili na Mzee, swali la mwisho kwa leo: tunaweza kuhudhuria hicho kikao cha kamati?

#34 Mzee wa Bikoni
Kamati kwa kawaida hukaa ndani, wajumbe na wataalamu. Baraza kamili la madiwani ndilo lililo wazi kwa wananchi, mnakaa mnasikiliza, hamsemi. Anayeweza kusema kwa niaba yenu ni diwani wa kata, kwa hiyo barua yenu apate nakala kabla ya kamati, si baada. Mpelekeeni na hizo picha za jirani. Ikiwezekana atembezwe mtaani siku ya mvua, kwa miguu.

#35 Timazi
Diwani kwa miguu Mikocheni siku ya mvua. Mzee kumbe una utani.